Jina Lililogoma Kubadilika Kanisani
Mimi hujifundisha kuandika programu za kompyuta, na Jumapili iliyopita nilijianika mwenyewe. Kanisa letu hapa Mashimoni huwasimamisha wageni wasalimiwe, kwa hivyo nilitengeneza programu ya kuonyesha majina yao kwenye skrini.

Pasta nilimweleza kwa madaha: "Kuna konstanti za namba, kama saa ya ibada, na za maneno, kama 'Karibu'. Hizo hazibadiliki. Jina la mgeni ndilo hubadilika."

Nikiijaribu nyumbani, nilichoka kuandika majina. Nikaweka moja liwe konstanti: Mwende wa kwaya, ambaye hata hajui ninampenda. Nikaongeza "mke wangu", nifurahie peke yangu. Kutoa nikasahau.

Jumapili kanisani, mgeni wa kwanza alikuwa mzee kutoka Kitui. Nikaandika jina lake, nikabonyeza.

"Karibu Mwende, mke wangu."

Nikaandika tena. Ikarudia vilevile.

Kwaya ikacheka, isipokuwa Mwende. Mzee akasoma polepole, kisha akaomba maikrofoni.

"Mimi ni babake Mwende," akasema. "Huyu aliyeoa bila kufika kwangu ni nani?"

Kanisa lote likageukia kompyuta. Nyuma yake nilikuwa nimekaa peke yangu.