Ubao Mama wa Mama Mkwe

Ofisini walimwita Zimawasha, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta, na kila aliyempigia simu kulalamika, awe bosi awe karani, alijibiwa yale yale: "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Mara nyingi tatizo liliishia hapo, na mlalamikaji akabaki na aibu kidogo. Zimawasha hakulichukia jina. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesoma, vyeti vimetundikwa sebuleni kwake mpaka ukuta umejaa, na bado sifa yake yote ilikuwa kubonyeza kitufe.

Labda ndiyo maana alipenda sana masasisho. Programu ikitoka toleo jipya asubuhi, mchana yeye keshaiweka, na jioni keshawatumia wenzake ujumbe wa kuwahimiza nao waweke. Kitu cha zamani kilimwasha mwili kama upupu.

Sasa mtu wa namna hiyo akajaliwa mama mkwe mwenye kompyuta kongwe.

Mama huyo alikuwa fundi wa kushona na kutarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: meza ya kukatia, pasi, marobota ya vitambaa, cherehani ya kutarizi inayojiendesha yenyewe, na pembeni kompyuta iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kwenye kompyuta hiyo alipanga majina na nembo, akaviweka kwenye disketi, vile visahani vya mraba vinavyoingia mfuko wa shati, kisha akaichomeka disketi kwenye cherehani, nayo ikatarizi. Vyote viwili vilizeeka pamoja na kuelewana kama mtu na mkewe.

Jumapili moja mama mkwe akampigia simu binti yake. "Kompyuta inanguruma kama inataka kupaa. Mwambie mumeo aje anitazamie."

Wakaja wote wawili. Zimawasha akafungua kasha, akakuta feni imezibwa na nyuzi za kila rangi, imekuwa kama kiota cha ndege aliyehudhuria sherehe. Akachukua brashi, akasafisha, akafunga. Chai aliyowekewa ilikuwa bado ya moto.

"Mungu akubariki, baba," mama mkwe akasema. "Kumbe kazi yenyewe ndogo tu."

Lile neno "ndogo" likamwingia Zimawasha kama mwiba. Akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kuchungulia huku na huku, kama mgeni anayekagua nyumba ya watu.

Kila kompyuta ina programu fupi inayokaa kwenye chipu, juu ya ule ubao mpana ambao mafundi huuita ubao mama. Hiyo ndiyo huamka kwanza, kisha huviamsha vingine. Ya mama mkwe ilikuwa haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani. Zimawasha akapekua kwa simu yake, akagundua kwamba watengenezaji walitoa toleo moja jipya kabla ya kuisahau kabisa kompyuta ya aina hiyo. Macho yakamwaka.

"Mama, nakuwekea sasisho."

"Kwani inaumwa?"

"Haiumwi. Itakuwa bora zaidi."

"Bora wapi?"

"Mambo ya ndani, mama. Huwezi kuyaona."

Mkewe akainua macho kutoka kwenye simu. "Si uliitwa kwa ajili ya feni?"

Lakini mstari wa bluu ulikuwa umeshaanza kutambaa kwenye kioo, na chini yake onyo kwamba umeme usikatwe kwa hali yoyote. Zimawasha akatoka kwenda kunawa vumbi mikononi. Mlangoni akageuka: "Mama, tafadhali, usiiguse kompyuta mpaka nirudi."

Mama mkwe alikuwa na kazi yake. Chuo cha wauguzi kilimwagiza aproni za wahitimu, kila moja na jina la mwenyewe kifuani, na mahafali yalikuwa Jumamosi. Chache zilikwisha, zikingoja pasi. Akainama ukutani, soketi zote zimejaa, akachomoa plagi iliyokuwa karibu na mkono, akachomeka pasi.

Zimawasha aliporudi alikuta kioo cheusi.

"Mama! Nilisema usiiguse kompyuta!"

"Kompyuta sijaigusa," mama mkwe akajibu, pasi mkononi. "Nimegusa ukuta."

Akawasha. Feni ikazunguka, safi, kimya, ya kupendeza. Kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Akazima tena, akahesabu kimoyomoyo, akawasha. Akatoa ile betri ndogo kama sarafu, akairudisha. Hakuna. Dawa aliyowaandikia watu miaka yote ikakataa kwa mgonjwa wa nyumbani.

"Imekuwa bora?" mama mkwe akauliza. Hakuwa anamkejeli. Aliuliza kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Zimawasha.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni mkewe akasema, "Feni ilikuwa imeshapona," akaingia ndani.

Siku ya pili ofisini, mhasibu akampigia simu kwamba kompyuta yake haiwaki. Safari hii Zimawasha akajibu, "Pole sana, ndugu yangu." Mhasibu akashtuka, akawauliza wenzake kama jamaa amefiwa.

Mchana huo Zimawasha alikaa anasoma. Akajifunza kwamba katika ile chipu kuna kipande kidogo kisichofutwa hata sasisho likikatika njiani. Kipande hicho hakijui kuwasha kioo wala kusoma flashi. Kinajua jambo moja: kutafuta disketi yenye programu mpya na kuimeza. Kwa hiyo mgonjwa hajafa. Anangoja alishwe, ila anakula chakula cha zamani tu.

Tatizo likawa mahali pa kuiandalia disketi. Kompyuta za ofisi zote zilikuwa mpya, hazina tundu la disketi, na aliyehakikisha hivyo ni Zimawasha mwenyewe. Mwaka uliopita aliandika waraka mkali: vifaa vyote vilivyopitwa na wakati vikateketezwe, na baadaye akatoa taarifa kwamba vimeisha. Akashuka stoo, mkia katikati ya miguu.

Mtunza stoo, mzee wa maneno machache, alikuwa anakunywa chai. Chupa yake ya chai ilikaa juu ya kompyuta ya zamani, na kompyuta hiyo ilikuwa na tundu la disketi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hiyo si ilitakiwa kuteketezwa?"

"Marahaba. Nilisema nitafanya kesho," akajibu bila wasiwasi.

"Naomba uniazime kwa siku mbili."

Mzee akaifikiria ile kauli. "Kukuazima siwezi. Taarifa yako mwenyewe ilisema hizi zimeisha zote. Kitu ambacho hakipo nitakiazimaje?" Akainua chupa yake ya chai. "Chukua tu."

Jioni Zimawasha akaingia kwa mama mkwe amekumbatia kompyuta isiyokuwepo, pamoja na disketi chache zilizokuwa kwenye droo ya stoo. Mkewe alikuwa ameshafika, anamsaidia mama yake kukata nyuzi. Disketi ya kwanza ilikwaruza kama kucha kwenye bati. Ya pili vilevile. Zote zilikuwa zimeota ukungu.

"Mama," Zimawasha akasema polepole, "nahitaji moja katika zako. Lakini kilichomo kitafutika."

Mama mkwe akamtazama, akaleta kisanduku chake, akazipanga disketi mezani moja moja. Michoro yote ya kazi yake ilikuwa humo, na kwingine kokote haikuwepo.

"Hii nembo ya shule ya msingi, wananiagiza kila mwaka. Hii waridi la hoteli. Hii ya timu ya mpira, imeshuka daraja lakini itapanda, mpira ndivyo ulivyo." Akafika ya mwisho, akaishika muda. "Hii ya arusi yenu. Herufi zenu mbili zimeshikana, na njiwa juu."

Akamkabidhi mkwewe.

"Mama!" binti akasema.

"Nini? Mashuka nilishatarizi. Au unataka kuolewa naye tena?"

Mke akamtazama mumewe aliyechuchumaa sakafuni kati ya kompyuta mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Futa tu," akasema.

Njiwa wakafutika. Programu mpya ikaingia mahali pao, na Zimawasha akaipa faili jina lile lile alilosoma, akilihakiki herufi kwa herufi kwa midomo kama anayesoma dua. Akaichomeka disketi kwenye kompyuta ya mama mkwe. Mama mkwe, bila kuambiwa, akabeba kiti chake na kukiweka mbele ya soketi, akaketi huku ameukingia ukuta mgongo wake.

"Sasa hapa hapiti mtu," akasema.

Zimawasha akabana vitufe viwili, akawasha. Kioo cheusi. Taa ndogo ya disketi ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Ndani kikasikika kitu kinatafuna, taratibu, kama mzee asiye na meno. Kisha kompyuta ikalia mlio mfupi, ikatulia, ikalia tena, ikajizima na kujiwasha yenyewe. Kioo kikawaka.

Mke akapiga kelele. Zimawasha akakaa chini kabisa, miguu imenyooka, akagundua kwamba shati limemganda mgongoni.

"Sasa niambie, baba," mama mkwe akasema akiwa bado kwenye ulinzi wake. "Hilo sasisho limeongeza nini?"

"Sasa inaweza kutumia diski kubwa zaidi ndani, mama."

"Ninayo hiyo diski kubwa?"

"Huna."

"Haya," akasema, akaanza kupanga majina ya wauguzi.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kumwaibisha mkwe wake. Kila mteja aliyeingia alihadithiwa jinsi kompyuta ilivyokata roho na mume wa binti yake akairudisha duniani. Iliuawa na nani, hilo hakuligusa. Mtaa mzima ukaambiwa, na watu wakaanza kupita wakimletea Zimawasha redio, pasi, hata jokofu.

Ijumaa, matroni wa chuo akaja kuchukua aproni. Zimawasha alikuwepo, akisaidia kukunja.

"Huyu ndiye?" matroni akauliza. "Aliyeifufua?"

Zimawasha akaona sasa yametosha. "Matroni, mimi ndiye niliyeiua. Ilikuwa nzima kabisa. Nilikuja kusafisha feni."

Matroni akacheka mpaka akajishika ubavu. "Na unyenyekevu juu! Mafundi wa siku hizi hawana hilo. Hebu njoo kwetu chuoni. Kompyuta yetu ya usajili kila asubuhi inadai isasishwe, na hatuna mtu wa kumwamini."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya, vizuri tu."

"Basi iacheni."

Matroni akangoja aendelee. Zimawasha akakunja aproni nyingine, akailainisha kwa kiganja, akaiweka juu ya zile zilizokwisha kunjwa.

Alipotoka nje na mzigo wake, matroni alimwambia dereva kwamba ndivyo walivyo hawa: fundi akishapata jina tu, kazi ndogo hazitaki tena.