Gemu la Samaki Ambalo Hakuna Aliyelilipia

Ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kabati la kioo, ndani ya fremu ya mjomba wangu, duka dogo la vifaa vya simu hapa Kariakoo, naandika bei za chaja kwenye vikaratasi. Saa naikumbuka kwa sababu mteja aliyeingia aliniuliza saa ngapi, na mkononi ameshika simu mbili. Watu wa hivyo wapo. Nilipomjibu, akamgeukia Mjomba.

"Bosi, nasikia unaweka lile gemu la samaki."

"Lipo. Elfu mbili tu. Halili bando, halina matangazo, gemu la hapa hapa Bongo. Ukichukua na memori kadi tunaongea vizuri."

Kalamu yangu ilisimama kwenye sifuri. Gemu la samaki ni la bure. Si bure ya mwezi wa kwanza halafu ukatwe, ni bure kabisa, unaingia kwenye ukurasa wake unalichukua unaondoka. Na aliyempa Mjomba gemu lenyewe ni mimi.

Ngoja nieleze vizuri, maana huko mbele nitakuwa na hasira. Kwenye gemu hilo wewe ni dalali wa mnada pale Feri. Samaki wamemwagwa mezani, barafu inayeyuka, wanunuzi wamekuzunguka: mwenye hoteli, akina mama wakaanga samaki, na yule bwana anayebonyeza kila samaki jicho halafu hanunui hata dagaa. Kazi yako ni kupaza sauti. Ukinyamaza, samaki wanaoza. Mimi darasani najua jibu na mkono sinyooshi, mwalimu wa Jiografia anadhani nina tatizo la masikio. Lakini kwa miezi minne nimeuza samaki, changu na kolekole, kwa kelele, kwa kidole, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Limetengenezwa na mtu mmoja, dada wa Kigamboni anayeshinda saluni akisuka watu, Jumapili anakaa na kompyuta ya kuazima. Ameandika hayo mwenyewe kwenye ukurasa wa gemu. Chini yake kuna sehemu mbili za kubonyeza. Moja imeandikwa *Chukua bure*. Nyingine imeandikwa *Lipa unachoweza*, ukiibonyeza inakuja namba yake ya simu. Gemu ni lile lile. Anayelipa hapati hata samaki mmoja wa ziada.

Mwezi uliopita nilimwonyesha Mjomba gemu hilo, kwa kujivuna tu. Akachukua simu yangu, akalihamishia kwenye kompyuta yake, akasema ataliangalia akitulia. Nikaona mjomba wangu ananipenda. Ndivyo nilivyo mjinga.

Mteja alipoondoka na gemu lake la elfu mbili, nilikohoa. Kukohoa ndiko kunyoosha mkono kwangu.

"Anko, lile gemu si la bure?"

"La bure huko mtandaoni. Hapa kuna kodi ya fremu, kuna umeme, kuna mimi."

"Lakini aliyelitengeneza..."

"Kataja bei gani?"

"Kasema mtu alipe anachoweza."

Mjomba alicheka mpaka akashika kabati. "Sikia nikufundishe, shuleni hamfundishwi. Mwenye mali anataja bei. Mnavutana, mnaelewana, kila mtu anaenda zake. Huyo anayesema lipa unachoweza, hata yeye hajui kama kitu chake kinafaa."

Huyo ndiye mwanafalsafa wetu. Mtu aliyewahi kuuza eafoni inayosikika sikio moja, mteja aliporudi akamwambia sikio la pili limeachwa makusudi ili asikie magari. Leo anampima dada wa watu kama anafaa.

Fremu inayotazamana na yetu ni ya mama mmoja wa Kihindi anayeuza zipu, vifungo na nyuzi, na masikio yake yanafika mpaka mtaa wa pili. Akainua kichwa kutoka kwenye sanduku la vifungo.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Wewe unauza jasho la mtu."

"Mama, usiniharibie biashara, Jumamosi hii!"

"Biashara gani? Umechomeka waya, umechomoa waya." Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nimepata mtetezi. "Na wewe binti yangu, ulimpa ngapi?"

Nilichukua kikaratasi cha bei, nikakigeuza upande wa pili.

"Sijampa, mama."

"Unalicheza toka lini?"

"Miezi minne."

Yeye hakucheka. Mjomba alicheka kwa niaba ya wawili. "Ahaa! Kumbe tupo wengi! Na mimi angalau namtangaza. Wewe je, wakili?"

Ningeweza kumeza chaja na waya wake. Nikafungua simu ili nipate pa kutazama, na kidole kikanipeleka kule kule, kwenye ukurasa wa gemu. Kulikuwa na maandishi mapya. Dada alikuwa ameandika hivi: *Mmelichukua wengi na nimefurahi. Aliyelipia bado hajatokea hata mmoja. Simlaumu mtu. Kesho Jumapili nakaa na kompyuta. Nikimwona hata mtu mmoja, naanza sehemu ya pili, ya wakaanga samaki. Nisipomwona, nitajua, na kompyuta ya watu nairudisha.*

Nikashuka kwenye maoni nikitegemea kukuta watu wameona aibu. Wapi! Mmoja amesema wanamsapoti kwa maombi. Mmoja amesema aweke kwanza hiyo sehemu ya pili, wakiridhika watafikiria. Halafu yupo aliyeandika, na mioyo mitatu myekundu: *Dada punguza bei.*

Punguza bei! Kitu cha bure! Huyo nina hakika ni wa Kariakoo, pengine ananunua vifungo hapo mbele. Sisi tukipewa bei tunajua kazi yetu, tunaikata nusu, tunajifanya tunaondoka, tunaitwa turudi. Ukituambia tutaje wenyewe, tunatafuta mtego uko wapi, na kama hatuuoni tunaondoka na mzigo bila kulipa, tena tukijiona wajanja.

Nimeandika "sisi" kwa sababu daftari hili sitaki kulidanganya. Jioni, nyumbani, niliamua nitalipa, nikaanza mnada na nafsi yangu. Nilianza na elfu kumi, kwa heshima. Nikasema mwanafunzi na elfu kumi wapi na wapi, elfu tano. Nikakumbuka kava la simu nililoliona, lenye ua. Elfu mbili, basi, kama wateja wa Mjomba. Nikasema Jumatatu. Nikasema watalipa wenye kazi. Kwa dakika kumi nilikuwa nimemshusha dada wa watu mpaka sifuri na mwenyewe hayupo kujitetea. Yule wa mioyo mitatu angalau aliandika hadharani.

Kingine ni cha aibu zaidi, nacho nakiandika. Nilikuwa naogopa kushukuriwa. Laini yangu imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mama, kwa hiyo nikituma pesa litatokea jina la mama. Dada atapiga kusema asante, atasema "shikamoo mama," na mimi nitasema nini? Nitasema marahaba kwa mtu aliyenizidi umri? Kwa ajili ya salamu moja ya kufikirika, niliona ni heri mtu arudishe kompyuta.

Mjomba alipita kula, kama kawaida yake Jumamosi, na kabla ya kuondoka akanipa noti mbili za elfu mbili na moja ya elfu moja, ya kazi ya siku nzima. "Ununue soda, wakili." Sijui kama noti ya yule mteja ilikuwa humo. Nililala nimeziweka ndani ya daftari hili, na zilinikera kama chawa.

Asubuhi ya Jumapili mama alinituma uzi mweupe. Fremu ya Mjomba ilikuwa bado na kufuli. Mama wa vifungo alikuwa ndiyo kwanza anawasha udi, nami nikawa mteja wake wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Leo wewe ndiye unanifungulia."

Uzi wake ni shilingi mia tano. Mimi nilikuwa na mia nne na hamsini, hamsini nyingine sijui ilidondokea wapi, na noti za Mjomba nilizozibeba mfukoni sikutaka kuzivunja, nikaanza kuomba radhi nirudi nyumbani. Alinikatalia. Alichukua nilichonacho, akaigusisha sarafu ya mwisho kwenye paji la uso, akaitia kwenye droo.

"Wa kwanza harudishwi," alisema. "Siku nzima inamtazama yeye. Kidogo chake si kidogo."

Mjomba naye ana mwiko huo huo. Mteja wa kwanza akitaja bei ya kipuuzi, Mjomba anang'ata meno anampa, ili mkosi usiingie. Barabara nzima inajua thamani ya mtu wa kwanza. Na barabara hiyo hiyo imechukua gemu la dada, imelicheza, imeliuza, imemwombea, imemwambia apunguze, na imemwacha miezi minne hajafunguliwa.

Nilitoka hapo mpaka kwa wakala wa pesa wa kona, akaniwekea elfu tano yangu kwenye simu. Nikasimama pembeni ya ukuta, nikaandika namba ya dada. Nilituma elfu nne. Ile elfu moja ilibaki kwa ajili ya makato, na iliyozidi kwenye makato niliiunganisha humo humo, kwa sababu kumtumia mtu bila pesa ya kutolea ni kumpa kazi, si kumpa pesa. Jina lake likatokea kwenye kioo cha simu kabla ya kuthibitisha. Ni jina zuri, na hapa siliandiki. Nikaingiza namba ya siri. Halafu nikamtumia ujumbe: *Ni ya gemu la samaki. Nakufungulia. Ya kutolea imo. Tafadhali usipige.*

Mjomba alikuwa anafika, anafungua kufuli, anapiga mluzi. Sikumwambia kitu, kumzuia sina ubavu. Nilienda nyumbani, nikampa mama uzi wake, nikaitia simu kwenye mfuko wa nailoni, nikaifukia chini ya unga kwenye ndoo ya sembe, nikaosha vyombo vyote vya jana kwa kelele nyingi sana, ili ikiita nisiisikie.