Siti ya Nyuma ya Dereva

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye ukingo wa jaruba la mpunga huko kwake Sanje, mwaka ambao mvua zilikawia kukata, akavunjika nyonga ya kulia. Walimfanyia upasuaji, wakamtia chuma, wakamwambia kila baada ya wiki mbili afike hospitali Ifakara kwa mazoezi ya mguu. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mke wangu bila kuficha: "Mama akikatisha, mguu utakakamaa hivyohivyo ulivyo. Hataacha kutembea na gongo."

Basi lilikuwa halimfai kwa sababu ya ngazi zake. Kulala nyumbani kwangu Ifakara nako hakukuwezekana, mama hawezi kulala kwa mkwewe. Likabaki gari langu, na mimi.

Mimi ni Msukuma niliyezaliwa hapahapa bondeni, baba alishuka na ng'ombe nikiwa bado sijafikiriwa. Mke wangu ni Mndamba. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaketi wakazungumza. Sisemi wote wanafanya hivyo siku hizi. Wadogo zangu wanakula na wakwe zao sahani moja na hakuna kilichoharibika. Lakini mimi nililelewa hivyo, na mama mkwe aliambiwa siku ya mahari kwamba Wasukuma ndivyo walivyo, akalishika hilo neno mpaka leo. Pengine analishika kuliko mimi. Sina hakika, maana sijawahi kumwuliza, na siwezi kumwuliza.

Ndani ya gari tulikaa hivi. Mke wangu mbele kushoto. Mama nyuma ya mgongo wangu hasa, kulia, mahali ambapo hata nikigeuza shingo simwoni. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama dari, nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni. Maneno yote yalipita kwa mke wangu, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikia.

"Mwambie mama mlango huo haupigwi kwa nguvu, unajifunga wenyewe."

"Mama, baba anasema usiupige mlango."

"Mwambie baba nimesikia."

Gari la kwanza lilikuwa saluni nyeupe, ya zamani, fupi, yenye injini ndogo. Nataka niiandike kwa haki kwa sababu sasa haipo kujitetea. Usukani wake ulikuwa mwepesi, ungeweza kuigeuza mbele ya duka bila kurudi nyuma. Kwenye tope la masika ilipita mahali ambapo magari makubwa yalilala. Kosa lilikuwa langu. Wakati wa mavuno nilikuwa nabebea mpunga, magunia kwenye buti na mengine juu ya siti ya nyuma, na ili matako ya gari yasikae juu ya matairi niliweka springi ngumu za gari la mizigo. Watu wengi hapa kwetu wanafanya hivyo. Likiwa na magunia linatulia. Likiwa na mama mmoja mwembamba linaruka kama mbuzi.

Safari ya kwanza, kipande cha vumbi kabla ya Kiberege, nilisikia pumzi nyuma yangu ikikatika kila shimo. Tulipofika hospitali nilisikia mlango, nikasikia gongo likigusa chini, halafu kimya kirefu. Nikaendelea kutazama ukuta mbele yangu.

"Vipi?" nilimwuliza mke wangu baadaye.

"Mama anasema gari nzuri."

Nilifurahi. Usiku nikaanza kufikiri: angesema nini kingine? Nimwendeshe bure, halafu aniambie gari langu baya?

Fundi wangu alilizungukia mara moja tu, akalibonyeza kwa nyuma kwa mikono miwili. Halikushuka hata kidogo.

"Mzee, hili si gari, ni kinu," alisema. "Unamtwanga mama wa watu."

Alitoa springi za mzigo, akaweka laini. Tukabadili shokapu za nyuma. Mwezi uliofuata nikaweka matairi yenye ubavu mnene, tukapunguza upepo kidogo. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari langu, lile ninaloweka kwenye kisanduku cha mbele pamoja na karatasi za bima. Darasa la saba haliniruhusu kujiita mwandishi, lakini sikutaka kuhukumu kwa hisia. Kabla fundi hajagusa springi, na tena baada ya matairi, nilichukua sufuria ya maji, nikaiweka juu ya siti ya nyuma upande wa kushoto ambako ningeweza kuitazama, nikaenda nayo mpaka njia ya Kivukoni na kurudi. Springi za zamani zilimwaga nusu sufuria. Springi laini na matairi mapya zilimwaga vidole viwili. Nilijiona nimegundua kitu.

"Mama anasema nini?"

"Gari nzuri."

Ni maneno yaleyale aliyosema likiwa kinu. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kubanwa. Mtu akikulaumu utajua pa kushika. Huyu alikuwa ananisifu tu, nami nasikia pumzi yake inakatika palepale ilipokuwa inakatika, siyo tena kwenye mashimo pekee, hata kwenye lami iliyonyooka. Nilimwambia mke wangu aweke mto. Mto ukawekwa. Gari nzuri.

Basi nikaamua kubadili gari. Mfanyakazi mmoja wa mashamba ya miwa alikuwa anahamia kwao, anauza saluni ya kijivu, ndefu, yenye injini kubwa kuliko yangu. Niliuza madume mawili ya ng'ombe nikaichukua. Jamani, gari lile! Ukilikanyaga linaondoka bila kelele. Kwenye kona za Mang'ula linashika barabara kama limegandishwa. Linapita tuta na wewe unajua kwa macho tu, kiuno hakina habari. Sufuria yangu ilimwaga kijiko, labda viwili. Lina kasoro pia, lazima niseme: tumbo lake liko chini, mara mbili lilikwaruza jiwe, na linakunywa mafuta kama mgeni wa harusi. Na siti ya dereva ina reli ndefu. Mimi ni mrefu, miaka yote kwenye ile nyeupe magoti yangu yalikuwa yanagusa usukani. Kwenye hii niliisukuma siti nyuma mpaka mwisho wa reli, nikanyoosha miguu, nikasema sasa na mimi ni mtu.

Tulikwenda safari tatu na gari la kijivu. Baada ya ile ya tatu mke wangu alipokea simu, akaingia ndani nayo, akatoka uso umeshuka.

"Mama anasema amepona. Anasema baba asisumbuke tena."

"Amepona wapi? Juzi mtaalamu kasema goti bado halikunji hata nusu."

"Ndivyo alivyosema. Safari basi."

Siku ile sikula vizuri. Niliwaza mambo mengi, mengine ya kijinga. Labda gari jipya limemwonyesha kwamba najigamba. Labda kuna neno nilisema njiani. Labda naendesha kasi, injini kubwa inadanganya mguu. Sikuweza kupanda Sanje nikamwuliza. Sikuweza kumlazimisha. Wiki mbili zikapita, tarehe ya hospitali ikapita nayo, na kila nilipoliona gari la kijivu limesimama uani linang'aa, niliona kama mimi ndiye niliyefungwa humo na vioo vimepandishwa.

Ile nyeupe ilikuwa bado haijapata mnunuzi. Jumamosi akaja dalali mmoja wa mpunga, mtu wa maneno mengi. Alifungua boneti, akafunga. Alikaa siti zote moja baada ya nyingine, alisema gari ni kama nyumba, lazima ulale kila chumba. Alipofika nyuma ya siti ya dereva akanyamaza, kisha akacheka.

"Kaka, hapa ulikuwa umemfunga nani?"

"Kwa nini?"

"Njoo uone."

Mgongoni mwa siti yangu, upande wa nyuma, kulikuwa na mashimo mawili. Yalikuwa mabonyeo ya mviringo, kitambaa kimekwisha manyoya, kinang'aa. La kulia lilikuwa limezama zaidi, na mshono wa pembeni yake umefumuka. Miaka yote nilikuwa nikiegemea siti ile kwa mbele.

"Hayo magoti hayo," alisema dalali. "Huyu mtu alikuwa anaomba njia."

Sikumbuki tulivyokubaliana. Alipoondoka nayo nilikwenda moja kwa moja kwenye gari la kijivu, nikafungua mlango wa nyuma, nikapitisha kiganja mgongoni mwa siti. Safari tatu tu, na bonyeo la kulia lilikuwa limeshaanza.

Nikaingia, nikakaa pale alipokaa. Siti yangu ilikuwa kama nilivyoiacha, mwisho wa reli. Goti langu zima linalokunja lilibanwa mpaka nikalala kiubavu. Mguu mgonjwa usiokunja ungekwenda wapi? Kuupandisha juu ya siti na kuunyoosha, nyuma ya mkwewe, hawezi. Nikajaribu kukaa hivyo kwa muda wa kutoka Sanje mpaka Mang'ula tu. Nilishindwa kabla.

Mke wangu alitoka na ungo wa mchele, akanikuta humo.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Ulijua?"

Hakuuliza nilimaanisha nini. Aliweka ungo juu ya boneti.

"Tangu safari ya pili ya lile jeupe."

"Na ukaniacha nabadili shokapu?"

"Aliniapisha. Alisema, nikimwambia mwanaume mrefu vile ajikunje kwa ajili yangu, nimemwamuru, na mkwe haamrishwi. Halafu," akachukua chuya moja akaitupa, "ulikuwa na furaha sana na springi zako. Na sufuria."

Sikuwa na haki ya kumkasirikia, mama yake ni mama yake na kiapo ni kiapo. Lakini nilikasirika kidogo, nisidanganye.

"Angekaa upande wa kushoto, nyuma yako."

"Nilimwambia. Anasema huko ataonekana kwenye kioo."

"Kioo nimekigeuza tangu siku ya kwanza! Kinatazama dari!"

"Yeye atajuaje? Hajawahi kuinua macho kutazama mbele, ulipo wewe." Akanitazama. "Na hata hivyo, ukifika njia panda ukageuza shingo kushoto, utatazama nani?"

Kweli, siti ile ya nyuma yangu ndiyo pekee ndani ya gari zima ambayo akiikalia sisi wawili tunaweza kusafiri bila kuonana. Ningeweza kubadili gari mara kumi, siti ingebaki hiyo. Nilijisikia mjinga kwa namna ambayo sijui kuiandika. Nilipima maji upande ambao haukuwa na mtu. Nililisifu gari refu kwa sababu ya nafasi, na nafasi yote nikaichukua mimi.

Asubuhi ya tarehe iliyofuata ya hospitali nilivuta siti mbele mpaka reli ilipogoma. Tukaenda Sanje. Nilisimama uani kwake nikiwa nimeupa mlango mgongo, nikasema kwa sauti:

"Mwambie mama gari limebadilishwa kitu kimoja. Ajaribu kukaa tu. Likimshinda, arudi ndani, sitarudi kusumbua."

Mke wangu aliingia. Walikaa muda, nikasikia wanabishana kwa Kindamba, mimi nashika maneno machache tu. Kisha gongo. Mlango wa nyuma ukafunguka. Halafu sauti ya kiatu kikiburuzwa juu ya zulia la gari, mbele, mbele tena, kana kwamba mtu anatafuta ukuta gizani na hauoni.

Hakusema gari nzuri.

Niliingia kwa kujikunja. Magoti yalikaa pande mbili za usukani, usukani ukanigusa mapaja kila nilipokata kona, na breki nilikuwa naikanyaga kwa ncha ya kiatu. Lile gari linaloshika barabara kama limegandishwa, mimi ndani yake nilikuwa nimegandishwa zaidi. Niliendesha polepole, magari ya miwa yakatupita, bodaboda zikatupita. Kiuno kilianza kuuma kabla ya Mang'ula. Nilijiambia ni mwendo wa kwenda na kurudi, kila wiki mbili, kwa miezi, na kwamba yeye alishaufanya. Ilinisaidia kidogo, siyo sana.

Lakini pumzi nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nilisikiliza kwenye shimo la kwanza, nikasikiliza kwenye matuta ya shuleni. Haikukatika. Baada ya hapo ikawa nzito, ikaingia mkoromo mdogo, na mke wangu akaniangalia akafunika mdomo asicheke.

Tulipokaribia Kiberege aliamka. Nikamsikia akijiweka sawa, kama mtu anayepima nafasi iliyo mbele yake.

"Mwulize baba," alisema, "magoti yake vipi?"

Mke wangu akanigeukia. Goti langu la kushoto lilikuwa limekufa ganzi tangu Mang'ula.

"Mwambie mama," nilisema, "gari nzuri."

Nyuma kukatoka kitu kama kikohozi, au kicheko, siwezi kusema ni kipi bila kumwonea. Kioo kilikuwa kinatazama dari.