Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu alirudi jana kutoka uwanjani akinukia mafuta ya mkaratusi, na bega langu la kulia likaniuma.

Mwalimu wetu alitupaka mafuta hayo kwa mikono yake kabla ya kila mchezo wa raga, pale shuleni Kwale, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya. Nilimpenda mno. "Akiumia mtu, na ainue mkono," alikuwa akituambia. "Nitasimamisha mchezo."

Siku waliyokuja wageni wa serikali, mvulana mmoja mkubwa aliniangukia, bega likalia kama kuti kavu linapovunjika. Niliinua mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuinuka. Mwalimu aliniona. Tulitazamana kabisa. Kisha akawageukia wageni, akacheka nao, nami nikacheza hadi mwisho.

Jioni alinipeleka nyumbani mwenyewe.

"Ameanguka mnazini, mama," alisema.

Mama aliamini, kwa kuwa kwetu watoto walianguka minazini kila mara. Alinigombeza kwa kupanda bila ruhusa, kisha akamkatia mwalimu dafu kwa wema wake. Mtoto hamkanushi mwalimu, kwa hiyo nilingoja aseme kweli mwenyewe. Alikunywa dafu lote.

"Mpe mwalimu mkono, umwambie ahsante," mama akaniambia.

Nikampa wa kushoto.

"Mkono gani huo unampa mkubwa wako? Huna adabu!"

Mwalimu aliupokea, akautikisa, kisha akaaga akaenda zake.