Kopo la Polishi

Juzi mjukuu wangu alinipitisha gereji moja hapa Shinyanga. Fundi alidondosha polishi kidogo kwenye mlango wa gari, akawasha mashine, ikazunguka ikivuma kama nyuki. Mjukuu alimwambia aongeze. Fundi akakataa, akasema ikizidi inanata na kukamata vumbi. Nikaomba tuondoke. Mjukuu alidhani harufu imenishinda, na kweli ilinishinda, ndugu yangu.

Miaka ya thelathini, nikiwa msichana mdogo, baba alikuwa dereva wa Mzungu mwenye kinu cha pamba. Tuliishi chumba kimoja nyuma ya kinu, na nyuzi za pamba zilitufuata hadi kwenye ugali. Kila asubuhi nilimsikia baba akisugua motokaa. Alichota polishi kwa ncha ya kidole, akaizungusha kwa kitambaa, akafuta mpaka ujione meno. Polishi ni kama chumvi, alikuwa akisema, kisha anakuja kunywa uji wa mtama huku vidole vikinuka nta.

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alizaliwa kwa wafugaji, na kwao mafuta hayapimwi. Bibi harusi hupakwa samli mpaka imchuruzike. Ukimpaka kidogo, umewatukana wazazi wake.

Siku yule Mzungu, Bwana tuliyemwita, alipotakiwa kumpokea mgeni mkubwa stesheni, baba aliamka na homa, anatetemeka. Siku hizo dereva akiugua alifukuzwa kazi, na chumba kilikwenda na kazi. Kwa hiyo mayu alibeba kopo, akaipaka motokaa kwa heshima yote aliyofundishwa kwao, hadi kopo likabaki tupu. Baba alipojikokota nje na kuona, Bwana alikuwa ameshaketi ndani akimwita aendeshe.

Kilikuwa kiangazi. Walifika stesheni motokaa imeota manyoya ya vumbi na pamba, kama kuku aliyenyeshewa. Mgeni alicheka, wapagazi wakacheka. Bwana hakucheka.

Mchana huohuo aliwakusanya wafanyakazi wote, akamkalisha mayu juu ya sanduku, akampa baba kopo jipya.

"Mkeo anapenda polishi," alisema. "Mpake usoni. Hutaki, tokeni leo."

Baba alinitazama mimi, akatazama mlango wa chumba chetu. "Mwenye nguvu mpishe," alinong'ona. Kisha akampaka, kwa ncha ya kidole, taratibu, akizungusha kitambaa kama alivyozoea. Jirani aliyekuwa akituomba chumvi kila wiki ndiye aliyecheka kuliko wote. Machozi ya mayu yaliteleza juu ya nta, hayakuacha alama.

Usiku hakupika. Alisema neno moja tu, akiwa amegeukia ukuta: "Ungenimwagia kopo zima, ningejua umekasirika. Umenipaka kama gari lake."

Mvua zilipoanza, Bwana alipata dereva mwingine, tukatoka vilevile. Miaka baadaye, siku ya harusi yangu, shangazi zangu walileta samli. Mayu aliirudisha mlangoni, nikaolewa na ngozi kavu.

Siku hizi kinu hakipo, na walipokuwa wakikaa wafanyakazi pameota maduka. Wote waliocheka wamekufa, nami sikuwalilia. Lakini uso wa mayu siku ile naukumbuka. Uling'aa sawasawa, bila doa, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe baba.