Kutoka Ini Hadi Moyoni

Moyo wa mama yangu ulipoanza kuchoka, nilimtoa Kiminini nikampeleka kliniki moja mjini Bungoma. Daktari alimwambia dawa zingepunguza uvimbe wa miguu tu. Moyo wenyewe zisingeuponya. Mama akauliza kama hakuna kingine duniani.

"Kuna watafiti wanajaribu kupeleka jeni zisizo na kasoro, yale maagizo ya mwili tunayorithi, kwenye misuli ya moyo, mama," daktari akamjibu. " Wanazibebesha virusi ambavyo vimeondolewa ugonjwa. Shida ni kwamba nyingi zinaishia kwenye ini."

Mama akaweka kiganja kifuani, akakishusha hadi ubavuni. "Si ni hapa tu karibu, daktari? Ati zinapotea?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Zinapotea, mama. Bado wanatafuta njia."

"Basi waambie wasichoke. Hata wakinikosa mimi, watapata wengine."

Alituacha mwaka uliofuata, mahindi yakikomaa. Juzi nilisoma gazetini kwamba watafiti wamesogea kidogo katika kuzifikisha jeni hizo moyoni. Safari ya kiganja kimoja, na wasomi wa dunia nzima bado wako njiani! Nilinyanyuka na gazeti nikamsomee, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka hayupo.