Gauni la Mama Asiyetaka Kupimwa

Duka langu lipo Katoro, jirani na soko: chumba kimoja, cherehani mbili na kioo kirefu. Mishono nabuni mwenyewe, nakata mwenyewe, na shingo zote nadarizi kwa mkono. Wateja wangu wengi ni wake wa wachimbaji. Duara la mume likitema, yaani shimo likitoa dhahabu, mke anaingia dukani akicheka kabla hata hajasalimia. Naipenda kazi hii, na sioni haya kusema naiweza.

Mtu mmoja tu hakuwa amewahi kuvaa nguo yangu, mama yangu mzazi. Anaishi Tinde, na siku zote alitaka niwe mwalimu. Kila nikimwambia nimshonee, ananijibu kuwa fundi wake bado mzima. Mdogo wangu alipopata mchumba na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikapangwa, nikaapa kuwa safari hii hachomoki. Nilitaka aingie ukumbini na kitu cha mikono yangu, watu wamwone, na yeye mwenyewe ajione.

Alipokuja kunitembelea, nikachukua futi. Akarudi nyuma hadi mlangoni.

“Mayu, mama yangu, simama kidogo nikupime.”

“Kwani nimekufa?”

Nikashusha futi. Baba alipofariki, wazee walimpima urefu kwa ufito wakaenda nao kuchimba kaburi, na mama alikuwa amekaa palepale. Tangu siku hiyo hapimwi. Fundi wake wa Tinde hupewa gauni la zamani alifuatishe. Hata mimi ningeweza kumwomba moja, lakini kiburi cha ufundi kibaya.

“Basi,” nikajitapa, “wewe nakushonea kwa jicho. Nimekujua maisha yangu yote.”

Nilidarizi ile shingo wiki tatu. Kitenge cha bluu, uzi wa rangi ya mahindi, kila jioni kidogo kidogo huku nikiimba. Sijawahi kushona kwa raha namna ile.

Siku mbili kabla ya sherehe mama akaja kujaribu. Akatoka nyuma ya pazia. Mabega yalikuwa yamemwangukia hadi karibu na viwiko. Pindo lilifagia sakafu. Nilikuwa nimemshonea yule mama aliyekuwa akinibeba mimi na ndoo ya maji kwa pamoja, mpana, mrefu kuliko mlango. Watu husema mtoto kwa mama hakui. Kumbe na mimi nilikuwa sijamruhusu mama azeeke.

Akajitazama kwenye kioo, akageuka upande huu na ule.

“Gauni zuri,” akasema. “Mwenyewe yuko wapi?”

Akacheka, nami nikataka kucheka, machozi yakaniwahi. Nililia kwa aibu, na kwa kuwa sikuwa nimeona alivyopungua. Nikamwambia avae tu lile lake la zamani, hakuna ubaya. Nilishaanza kutafuta mfuko wa kulifungia.

Hakulivua. Alisimama akipapasa darizi pale shingoni, nukta moja baada ya nyingine, kama anayechambua mchele. Kisha akanyanyua mikono yote miwili.

“Haya, ng'wanone, mwanangu. Pima.”

“Mayu, si lazima.”

“Wale walimpima baba yako wakamfukia. Wewe unanipima nikacheze. Pima upesi mikono isichoke. Ila usiniandike kwenye hilo daftari lako.”

Nikazungusha futi kifuani mwake, nikausikia moyo wake ukienda mbio chini ya vidole vyangu. Alikuwa amefumba macho. Sikuharakisha.

Jumamosi ya sherehe gauni nililolipunguza lilimkaa sawasawa, na alicheza mpaka viatu akavishika mkononi. Daftari langu limejaa vipimo vya wanawake wa Katoro na Nyarugusu. Vya mama havimo, viko kichwani mwangu. Bega kumi na nne na nusu, kifua thelathini na sita, na kila akija ananyanyua mikono kabla sijamwambia.